Baiskeli yako ya gia imezeeka: mwongozo kamili wa kuamua kama uitengeneze au ununue nyingine

Minada ya korosho ikianza na malipo yakiingia, swali linalonifikia hapa Mtwara ni lile lile: "Kaka, hii baiskeli yangu ya gia nimechoka nayo, ninunue mpya?" Nimeulizwa na walimu wa Nanyamba, na vijana wa Chikongola, na mabwana shamba wanaozunguka vijiji vya Tandahimba. Wengi wanauliza wakiwa wameshaamua. Miezi mitatu baadaye nakutana nao tena: ya zamani waliiuza kwa bei ya kutupa, na hiyo mpya imeegeshwa ukutani kwa kukosa tairi, au breki zimelegea na hakuna anayeziweza, au mwenyewe anaumwa mgongo kwa sababu haimtoshi.

Kosa lao ni moja. Wanaweka baiskeli ya zamani iliyochoka pembeni ya baiskeli nyingine iliyopigwa polishi dukani, kisha wanachagua kwa macho. Ulinganisho wa haki ni huu: ya zamani ikishatengenezwa, dhidi ya mpya ikishakaa mwaka mmoja kwenye mchanga wetu na hewa yetu ya chumvi. Hatua zote za hapa chini zinakupeleka kwenye ulinganisho huo. Zifuate kwa mpangilio, maana hatua ya pili peke yake inaweza kumaliza kazi yote.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu.
- Ndoo ya maji, sabuni ya unga, mswaki wa zamani na kitambaa kikavu.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Pamba kidogo na wembe.
- Sumaku. Ya spika mbovu ya redio inafaa kabisa.
- Tepu ya fundi seremala inayoonyesha inchi.
- Spana namba 13 hadi 17, bisibisi, na zile spana za umbo la L ambazo mafundi huziita alenkii, namba 4, 5 na 6.
- Grisi, na oili ya cheni.
- Jioni mbili za kukagua, wiki moja ya kuandika, na wiki mbili za kuendesha.

Hela usitenge bado. Ukitembea na hela mfukoni utanunua.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya baiskeli kwa siku saba

Kila jioni andika mistari miwili. Umekwenda wapi na ni kama kilomita ngapi, umebeba nini, na kitu gani kimekusumbua njiani. Mfano: "Jumanne. Magomeni hadi Naliendele na kurudi. Begi tu. Gia ya kati inaruka nikikanyaga kwa nguvu. Mkono wa kulia unakufa ganzi."

Nasisitiza daftari kwa sababu kichwa kinadanganya. Mtu anakumbuka ile safari moja ya Msimbati aliyosukuma baiskeli kwenye mchanga, anasahau kwamba siku nyingine zote za mwezi alikuwa kwenye lami ya mjini. Matokeo yake ananunua baiskeli ya safari anayoitamani, na ile anayokwenda kila siku inabaki bila chombo kinachoifaa.

Siku ya saba soma ulichoandika. Lalamiko lililojirudia mara tatu au zaidi lipigie mstari. Hilo tuliite lalamiko kuu. Likikosekana, yaani kila siku umelalamikia kitu tofauti, basi shida yako ni uchakavu wa kawaida na huenda ukaishia hatua ya 3.

## Hatua ya 2: Osha, kisha kagua fremu

Hapa usikimbie. Vingine vyote kwenye baiskeli vinabadilishika. Fremu ikifa, baiskeli imekufa.

Osha kwanza kwa maji ya kumwagia na mswaki. Usipige maji ya presha kwenye ekseli wala kwenye mzunguko wa pedali, yatasukuma mchanga ndani kwenye gololi. Kausha, kisha ipindue miguu juu, mchana, kwenye mwanga.

Pitisha tochi taratibu sehemu hizi: chini ya kichwa cha fremu (lile bomba fupi la mbele linalopokea uma na usukani), pale bomba la chini linapoungana nacho, kuzunguka kasha la pedali (lile bomba fupi la chini mhimili wa pedali unamopita), juu ya bomba la siti, penye klempu, na kwenye ncha za nyuma ekseli inapokaa. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele, rangi iliyofura kama lengelenge, au doa la kutu linalochuruzika kutoka mahali ambapo hapajakwaruzwa.

Kisha chukua pamba uipapase kwenye viungio hivyo hivyo. Wengi wanairuka kwa kuona ni mchezo wa watoto. Nilikuwa naikagua baiskeli ya shemeji yangu, anayempakia mwanawe kwenye keria kila asubuhi kwenda shule. Macho yangu hayakuona kitu. Nilipopitisha pamba chini ya kichwa cha fremu, nyuzi tatu nyeupe zikabaki zimening'inia. Nikakwangua rangi kwa wembe: ufa wa urefu wa ukucha wa kidole gumba, na ndani yake unga wa kahawia. Maana yake ulikuwepo muda mrefu, na maji yalikuwa yakiingia. Ungekatikia kwenye mteremko, uma wa mbele ungeondoka na usukani, na wao wawili wangebaki na nini?

Sasa weka sumaku kwenye fremu. Ikinata, ni chuma. Isiponata, karibu kila mara ni alumini. Tofauti hii ni kubwa kwa uamuzi wako:

Chuma chenye ufa kwenye miguu ya nyuma au kwenye ncha za ekseli, fundi mzuri wa kuchomelea kwa gesi anaweza kukirudisha. Nimeendesha fremu za namna hiyo kwa miaka. Ufa wa kichwani au wa bomba la chini simshauri mtu ahangaike nao, hata kama fundi anaapa.

Alumini yenye ufa usichomelee popote. Fremu hizi hupewa ugumu kiwandani kwa kupashwa joto kwa utaratibu maalumu. Moto wa kuchomelea unaua ugumu ule pembeni ya mshono, na hapo ndipo itakapokatika tena. Tena alumini haiagi. Chuma hupinda, hulia, hukupa siku mbili tatu za kuhisi kwamba kuna kitu. Alumini hukatika ghafla.

Jambo la mwisho kwenye fremu ni bomba la siti lenyewe, lile linaloingia ndani ya fremu. Legeza klempu ulizungushe. Likiwa la alumini ndani ya fremu ya chuma, na baiskeli inalala Shangani au Mikindani karibu na bahari, huenda vimegandana. Usilipige nyundo. Mimina oili inayopenya, iache usiku, jaribu tena kesho yake. Likitoka, paka grisi kabla ya kulirudisha, na liinue bila kupita ule mstari uliochorwa kuonyesha mwisho wa kuinua.

Umemaliza hatua hii ukiweza kusema bila kusita kwamba fremu yangu ni nzima, au ina ufa. Ikiwa ina ufa wa aina niliyoikataa, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5, na kuanzia leo usimpakie mtu.

## Hatua ya 3: Pima vile vinavyolika

Cheni, friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma), mpira wa breki, tairi na gololi ni chakula cha baiskeli. Kuisha kwake hakumaanishi baiskeli imezeeka, kama ambavyo huuzi nyumba kwa sababu mafuta ya taa yameisha.

Cheni. Weka sifuri ya tepu katikati ya pini moja, ivute cheni ikaze, soma kwenye inchi 12. Cheni mpya inakuwa na katikati ya pini nyingine hapo hapo kwenye 12. Pini ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, badilisha cheni peke yake sasa hivi. Ikipita kwa 1/8, milimita tatu hivi, friwili nayo imeshaliwa: ukifunga cheni mpya juu ya meno ya zamani itaruka kila ukikanyaga. Hapo ndipo watu wengi huja wakisema gia zimekufa, ninunue baiskeli nyingine, kumbe ni cheni na friwili tu.

Rimu. Kwa breki zinazobana rimu, pitisha ukucha kwenye ukuta wa rimu. Ukiwa umebonyea kama kijiko, rimu imekwisha. Tairi likijazwa upepo mwingi ukuta huo unaweza kupasuka. Hii ni hatari ya kweli, usiipe wiki nyingine.

Magurudumu. Shika gurudumu juu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, gololi au vikombe vyake vimelegea au vimeliwa. Minya spoku mbilimbili ukizunguka: zote zinatakiwa kuwa na ugumu unaokaribiana.

Usukani. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi "tok, tok" kichwani, inataka kukazwa au kubadilishwa gololi.

Mzunguko wa pedali. Toa cheni pembeni, shika mikono yote miwili ya pedali, isukume kulia na kushoto. Ikicheza, beringi zinataka kubadilishwa. Tahadhari kwa wanaopenda kufungua wenyewe: pedali ya kushoto inafunguka kinyume, na kwa kasha la kawaida la baiskeli za gia kikombe cha upande wa cheni nacho ni kinyume. Nimeona makasha yaliyoharibiwa nyuzi za ndani kwa kulazimisha, na hapo ndipo baiskeli nzima ikageuka skrepa.

Andika kila kibovu kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo ndio utakaompelekea fundi.

## Hatua ya 4: Uma wa mbele wenye shokapu

Baiskeli nyingi za gia tulizonazo huku zina shokapu mbele ambazo zilishakufa zamani, na mwenyewe amezoea. Bana breki ya mbele, lalia usukani kwa uzito wako. Inatakiwa ishuke na kurudi bila kugonga. Angalia zile bomba mbili zinazong'aa: vidoti vya kutu unavyovihisi kwa ukucha vinakata sili, na mchanga unaingia.

Shokapu zina matunzo ambayo karibu hakuna anayetufanyia. Watengenezaji wa zile za daraja la juu huelekeza zifunguliwe zisafishwe na kutiwa oili kila baada ya takriban saa 50 za kuendesha. Saa 50 ni miezi miwili tu kwa mtu wa kwenda na kurudi kazini. Kama hakuna wa kufanya kazi hiyo karibu nawe, shokapu nzuri itakuwa mbaya kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa pwani, na najua vijana hawaupendi, ni huu: shokapu ikifa, funga uma wa chuma usio na shokapu, na tairi pana. Ni mwepesi, haulii, na hautaki kitu zaidi ya grisi kichwani. Ukiununua, hakikisha shingo yake, lile bomba la juu, inaingia kwenye fremu yako. Baiskeli nyingi za miaka ya nyuma zina shingo iliyonyooka ya inchi 1 na 1/8. Uma nyingi za sasa zina shingo inayonenepa kuelekea chini hadi inchi 1 na nusu, na hazitaingia. Usifunge pia uma mrefu kupita ule wa mwanzo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu unakipa kichwa cha fremu mzigo ambacho hakikutengenezewa.

## Hatua ya 5: Nenda kwa fundi na dukani, bila kununua

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote wanaoharibikiwa. Mimi mwenyewe niliiruka. Nilinunua baiskeli ya kisasa ya magurudumu ya inchi 27.5 kwa muuzaji mmoja, ikawa tamu kuliko zote nilizowahi kupanda, hadi tairi la nyuma lilipochanika ubavuni njiani kurudi kutoka Msimbati. Nilizunguka mji mzima. Tairi la saizi ile lilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam baada ya wiki tatu, na wiki zote tatu nilikwenda kazini kwa ile ya zamani niliyokuwa nimeitupia stoo.

Nenda kwa fundi wako saa ya asubuhi kabla hajazidiwa na kazi, msalimie vizuri, mpe ukurasa wako wa vibovu. Muulize bei ya kila kimoja, kifaa na kazi yake. Kisha muulize: "Fundi, ukipewa baiskeli ya namna hii, vifaa vyake utavipata wapi, na kwa siku ngapi?" Mtajie vitu vinne vifuatavyo vya ile mpya unayoitamani.

Saizi ya tairi. Usiamini "inchi 26" kwa jina. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi yenye kistari, kwa mfano 50-559. Ile ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Baiskeli za gia za inchi 26 ni 559. Kuna "26" nyingine za baiskeli za mjini zenye 590, hazibadilishani. Inchi 27.5 ni 584, inchi 29 ni 622, na zile ndefu za keria tulizokua nazo, za 28 kwa 1 na 1/2, ni 635. Muombe muuza duka akuonyeshe tairi lenye namba yako lililopo rafuni leo. Ahadi ya "litakuja" isikutoshe.

Valvu. Ile nene kama ya gari, nyembamba ya Kifaransa yenye kinati kidogo cha kulegeza nchani, na ile ya baiskeli zetu za siku zote. Pampu za kando ya barabara mara nyingi hazishiki ile ya Kifaransa. Nunua adapta ndogo ya shaba ukae nayo kwenye begi, vinginevyo utasukuma.

Idadi ya gia za nyuma. Friwili za gia 6, 7 na 8 zinatumia cheni za aina moja, na ndizo mafundi wa Mtwara, Lindi na Masasi wamezizoea. Za 10, 11 na 12 kila moja ina cheni yake nyembamba, ghali zaidi, isiyosamehe mchanga.

Breki. Diski za waya (breki zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu), fundi yeyote mwenye akili atazirekebisha. Diski za oili zinabana vizuri kupita zote, lakini zinataka oili yake. Shimano wanatumia oili ya madini. Kampuni nyingine hutumia oili ya breki ya aina ya DOT. Ukitia moja mahali pa nyingine unaharibu sili zote za ndani. Kama mjini kwako hakuna anayejua kutoa hewa kwenye breki hizi, zihesabu kama breki ambazo siku moja zitakuwa hazipo.

Nisieleweke kwamba mpya hazina faida. Zina faida nne za kweli. Breki za diski hazipotezi nguvu rimu ikilowa, na anayeteremka kutoka Newala wakati wa mvua anajua ninachosema. Nafasi ya tairi pana inakusaidia kwenye mchanga. Usukani mpana na mwili wa fremu uliorefushwa hufanya baiskeli itulie kwenye mteremko wenye mawe kama njia za Masasi. Na tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba ndani, hazijali miiba. Ila maji yale hukauka, na kwa joto letu yanaweza kutaka kuongezwa kila miezi miwili mitatu. Uliza kama yanauzwa kabla ya kuyatamani.

Umefanikiwa ukirudi nyumbani na bei za matengenezo zilizoandikwa, na jibu la "ipo" au "haipo" kwa kila kifaa. "Nadhani ipo" iandike kama haipo.

## Hatua ya 6: Tengeneza kidogo, endesha wiki mbili

Kama fremu ni nzima, usiamue bado. Fanya yale ya bei ndogo: cheni (na friwili ikibidi), mipira ya breki, waya mpya za breki na gia pamoja na maganda yake, grisi kwenye gololi zote. Waya zilizooza ndani ya maganda kwa chumvi ndizo zinazofanya watu wengi waamini gia zao zimekufa.

Kisha rekebisha mkao wako. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuning'inia upande. Ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjika kidogo, na hapo ndipo linapopenda. Mikono ikifa ganzi, inua usukani au funga shingo fupi ya usukani, yaani kile kipande kinachoushika usukani. Baiskeli za gia za zamani zilikuja na shingo ndefu ya sentimita 10 hadi 13 inayomlaza mtu kama mwanariadha. Shingo ya sentimita 6 na usukani mpana kidogo vinaweza kukupa nusu ya raha unayoitafuta kwenye baiskeli mpya.

Tairi nalo. Pima nafasi kati ya tairi na fremu kila upande. Ikibaki nafasi ya kidole, tairi pana zaidi linaingia. Ukifika kwenye mchanga punguza upepo hadi ubavu ubonyee kidogo chini ya uzito wako, kisha jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Endesha wiki mbili njia zile zile ulizoandika. Rudi kwenye daftari. Je, lalamiko kuu bado lipo? Hilo ndilo swali pekee la hatua hii. Yapo mambo matengenezo hayawezi kuyagusa: fremu fupi au ndefu kuliko mwili wako, tairi pana kutoingia, na breki za rimu kwenye milima wakati wa mvua. Lalamiko likiwa mojawapo ya hayo, sasa una sababu ya kununua.

## Hatua ya 7: Piga hesabu kwa safu mbili

Safu ya kwanza, ya zamani: matengenezo yote yaliyobaki, jumlisha vitu vitakavyolika mwaka mzima. Safu ya pili, mpya: bei, jumlisha marekebisho ya mwanzo, jumlisha vitakavyolika mwaka mzima kwa bei za hatua ya 5, toa bei utakayoiuzia ya zamani.

Mfano wa kuelewea tu, bei zako ndizo zitakazotawala. Ya zamani: 95,000 za matengenezo na 60,000 za mwaka, jumla 155,000. Mpya: 420,000, marekebisho 40,000, vya mwaka 110,000, toa 70,000 za kuuza ya zamani, jumla 500,000. Hapo ya zamani inagharimu chini ya theluthi ya mpya.

Kipimo changu: ya zamani ikiwa chini ya nusu na lalamiko kuu limekwisha, baki nayo. Ikiwa juu ya nusu na lalamiko bado lipo, badilisha. Ikiwa kimoja ndiyo na kingine hapana, subiri hadi mvua ziishe, mwezi wa tano hivi; matope ya Desemba hadi Aprili yatakuonyesha ambacho daftari la kiangazi halikuona.

Fremu yenye ufa na fremu isiyokutosha hazihitaji hesabu. Badilisha.

## Hatua ya 8: Kagua hiyo nyingine kabla ya kulipa

Iwe mpya ya boksi au mtumba, rudia hatua ya 2 na ya 3 pale pale dukani, na pamba yako na tepu yako. Muuzaji akikasirika, mshukuru, ondoka.

Mtumba wa nje huwa umekaa kwenye kontena, na mwingine ulishakaa miaka uani kwa mtu. Toa bomba la siti, mulika ndani: ukiona maji au maganda ya kutu, achana nayo. Minya tairi kwa vidole uangalie nyufa ndogo za ukavu ubavuni; zikiwepo, ondoa bei ya matairi mawili kwenye bei anayoitaja.

Iendeshe kilomita kadhaa, na pakiwezekana upate mlima, mchanga na kona ya ghafla. Badilisha gia zote ukiwa umekanyaga. Achia mikono sekunde mbili kwenye lami tambarare isiyo na magari: ikivutwa upande mmoja, uma au fremu imepinda. Simama juu yake ukiwa umeweka miguu yote chini: bomba la juu lisikuguse.

Chini ya kasha la pedali kuna namba ya fremu iliyogongwa. Iandike kwenye risiti pamoja na rangi, tarehe na jina la muuzaji. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Ikiwa namba imesuguliwa, hiyo ni baiskeli ya mtu mwingine. Usiguse.

## Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Siku ya saba, kaza nati zote, hasa za mikono ya pedali na usukani. Spoku mpya zinajikalia na kulegea, mpelekee fundi azikaze mara moja. Waya za gia nazo hunyooka. Zikianza kukwama, geuza kile kikazio kidogo cha waya robo mzunguko kabla ya kusema umeuziwa mbovu. Ukitoka ufukweni, mwagia maji baridi, kausha, tia oili cheni, futa iliyozidi.

Ya zamani usiiuze kabla ya siku thelathini. Mpya ikiwa na tatizo, utakuwa na chombo cha kwendea kazini. Siku thelathini zikipita, iuze kama ilivyo na umwambie mnunuzi ulichokiona kwenye daftari. Kama uliachana nayo kwa sababu ya ufa, toa magurudumu, siti, breki na pedali uviuze kimoja kimoja, kisha kata fremu kwa msumeno vipande viwili kabla ya kuipeleka kwa wanunua skrepa. Ya shemeji yangu niliikata mwenyewe, uani, naye akiwa ameishika upande wa pili.